Aliyetaka Kuinamiwa

Harufu ndiyo iliyotangulia. Asubuhi moja ya Januari, Roswitha Uhlenbrock, msafishaji wa kasri la Ehrenau kwa miaka ishirini na tatu, alifungua Ukumbi wa Vioo akapokewa na moshi wa mishumaa na poda ya nywele iliyochacha. Humo mshumaa haukuwa umewashwa tangu enzi za babu yake.

"Shemeji, umewasha mishumaa?"

"Nifukuzwe kazi?" alicheka Wendelin, mdogo wa marehemu mumewe, aliyetunza saa za kasri. "Labda soseji za jana zimekupanda kichwani."

Akapita mbele ya kiti cha dhahabu cha mtawala Adalwin, aliyekufa zamani. Ghafla akainama, akabaki hivyo.

"Umeangusha nini?"

"Sijaangusha kitu." Alijaribu kuinuka, akashindwa. "Roswitha, kuna mkono shingoni mwangu."

Wendelin alirudi nyumbani akiangalia vidole vya miguu yake. Daktari alipiga picha ya mgongo, akasema uti mzima kama wa kijana. Padri alileta maji ya baraka ukumbini; sala ya tatu haijaisha, naye kiuno kikaanza kukunjika, akatimua mbio na kofia akaiacha. Wafanyakazi waliobaki wakajifunza adabu mpya: ukipita mbele ya kile kiti, unainama mwenyewe kabla hujainamishwa.

"Kuinama kidogo tu, Bi Roswitha," alinong'ona mkurugenzi, Gesine Pflaum. "Kunatupunguzia nini?"

"Kamuulize Wendelin, anayekunywa supu kwa mrija."

Jumatatu kasri hufungwa kwa wageni. Siku hiyo Roswitha aliingia ukumbini peke yake, mchana kweupe, theluji ikimulika madirishani. Mlango ukajifunga nyuma yake. Visigino vikagonga sakafu, ko, ko, ko, na hakuna mwenye miguu. Ile harufu ikamjaa kooni, vioo vikaanza kufunga ukungu kimoja baada ya kingine kana kwamba mtu alikuwa akivihemea kwa zamu, na ndani ya ule ukungu mishumaa mia ikawaka ambayo ukumbini haikuwapo, na mto wa kile kiti ukabonyea taratibu kama unavyobonyea mtu mzito anapokaa, na kabla hajarudi nyuma hata hatua moja mkono baridi kama chuma kilicholowa ukamkamata shingo, ukamkandamiza, ukamkandamiza, hata akauona uso wake mwenyewe kwenye sakafu aliyoing'arisha.

"Inama."

Machozi yalimtoka bila ruhusa. Lakini alikumbuka ukoo wake: wanawake waliobeba kuni katika ujia mwembamba nyuma ya kuta hizi, wakizitia kwa nyuma katika majiko ya kupasha kumbi joto, ili bwana apate joto bila kuuona uso wa mtumishi. Walikohoa masizi mpaka wakafa.

"Bibi zangu waliinama humu miaka mia na hamsini," alisema kwa meno yaliyobanana. "Waliinama na sehemu yangu. Hunidai!"

Hakurudi nyuma. Alikaza shingo, akasogea mbele hatua kwa hatua, mifupa ikilia, mpaka akakifikia kile kiti, akageuka, akaketi. Aliketi juu ya ubaridi uliofurukuta chini yake kama samaki. Ukumbi mzima ukapiga ukelele. Kioo kimoja kikapasuka kutoka juu hadi chini. Roswitha akashika mikono ya kiti.

"Hapa pana mtu! Tafuta pengine!"

Ubaridi ukamponyoka, ukazunguka ukumbi ukigonga kuta. Roswitha akainuka, akafungua kilango kidogo kilichochorwa maua ili kisionekane ukutani. Ujia wa watumishi ulikuwa mweusi tii.

"Pita huku. Mlango mkubwa una wenyewe."

Upepo ukampita begani ukinung'unika. Akafunga komeo.

Simu ikaita mfukoni. "Shemeji!" Wendelin alikuwa analia na kucheka. "Naiona dari! Kumbe chafu hivi!"

Kasri bado linapokea wageni. Mara nyingine, wakati wa baridi, mgeni husimama Ukumbi wa Vioo na kutega sikio ukutani.

"Mama, nani anakohoa huko nyuma?"

"Mtumishi mpya," hujibu Roswitha, akiendelea kung'arisha sakafu. "Hajaizoea kazi."