Saini ya Fabiola

— Papa Aurore, kumbe umerudi kwako.

Aliyesema hivyo ni maman Constance, jirani, akiwa ameegemea ukuta unaozunguka parseli ya nyumba. Ndani, Yolande alikuwa anapima dirisha la sebule kwa ajili ya mapazia. Alimgeukia Zagabe, mchumba wake, akitegemea acheke na kusema mama huyo amemfananisha. Zagabe hakucheka. Alitoka nje akaanza kukagua bomba.

Zilibaki wiki tatu waende ofisi ya komini kuoana. Nyumba hii ya Bagira, Zagabe alimwambia ameinunua kwa mwalimu aliyehamia Kinshasa. Yolande, aliyekuwa akibanana na wadogo zake wanne katika vyumba viwili vya kupanga huko Cimpunda, alikuwa amekwisha kuchagua hata rangi ya kuta.

Kesho yake alirudi peke yake kwa maman Constance, naye akamsimulia yote, maana alidhani Yolande anayajua. Nyumba ilijengwa na muzee Stanislas, akamuuzia Zagabe. Zagabe akaishi humo miaka sita na Fabiola, mke aliyemuoa kimila, pamoja na binti yao Aurore. Fabiola alipokwenda Minova kumuuguza mama yake, Zagabe akamuuzia yule mwalimu. Mwanamke aliporudi, alikuta kufuli ambayo ufunguo aliokuwa nao hauifungui; ndoa ikaishia hapo, akarudi Minova na mtoto.

— Na mwalimu hakuomba saini ya bibi?

— Aliomba, mwanangu. Na saini ilikuwa pale.

Yolande aliomba namba ya Fabiola, akamwandikia akijitambulisha ni nani. Jibu lilikawia mpaka saa kumi:

“Mimi sikusaini kitu. Siku ile nilikuwa Minova, nalisha mama na kijiko. Zagabe si mutu mubaya, lakini akishikwa na woga, anafanya mambo ya mubaya. Aurore iko na miaka kumi na moja. Angali anauliza chumba yake.”

Yolande alimpelekea Zagabe simu, akamwachia asome.

— Nani aliandika ile saini?

Zagabe alisoma mara ya pili kabla ya kujibu.

— Ni mimi. Kazi ilikuwa imeisha, nikaogopa. Nimeinunua tena ili nirudishe kitu.

— Urudishe kwa nani? Si ni mimi ulitaka kuweka mule?

Yolande alihisi hasira na huruma vikimpanda pamoja, akavua pete, akaiweka juu ya meza. Alimwambia nyumba iandikwe jina la Aurore, na karatasi aipeleke Minova yeye mwenyewe, amwambie Fabiola ana kwa ana alilolifanya.

— Nakupenda, Zagabe. Lakini sitangoja sana.

Siku kumi alikaa bila habari. Siku ya kumi na moja Fabiola akapiga simu. Zagabe alikuwa amefika, amesema yote mbele ya mama mgonjwa wa Fabiola, akalia.

— Sijamusamehe, dada. Karatasi nimepokea. Ya ndoa yenu, angalia wewe mwenyewe.

Yolande aliangalia, akakubali ndoa iendelee. Siku ilipofika, walisimama mbele ya mwandishi wa komini, naye akawauliza wanachagua mali iwe ya pamoja au kila mtu na yake. Zagabe alifungua kinywa aseme ya pamoja, kama walivyopatana zamani.

— Kila mutu na yake, Yolande akamtangulia.

Mashangazi nyuma walitazamana. Mwandishi akamgeukia bwana harusi, akamuuliza kama naye anakubali. Zagabe alimgeukia Yolande.

— Nakubali.

Ndipo Yolande akampa mkono.