Mafuta ya Mwali Ndani ya Kobe

Siku ile mjinga alikuwa Jabiri. Tuliseme mapema, asije akalisingizia gari.

Walikutana Mwananyamala, kwenye foleni ya mafuta ya taa mbele ya duka la ushirika, miaka ile ambayo mtu aliweka jiwe kushika nafasi yake akaenda zake kupika. Jabiri, fundi magari wa Temeke, suruali yake ya bugaluu ikifagia vumbi, alipiga teke jiwe lililomkalia njiani.

"Wee kaka, mbona unanipiga teke?"

Akageuka. Msichana, kanga za rangi ya embe bivu, mkono kiunoni.

"Mie nimepiga jiwe, sista."

"Hilo jiwe ndiye mie. Lipo hapo tangu alfajiri. Lirudishe, na uliombe radhi."

Jabiri akainama, akalipangusa jiwe kwa leso, akaliambia, "Nisamehe, mrembo." Foleni nzima ikaangua kicheko. Msichana mwenyewe, Mwajabu, opereta wa simu wa kiwanda cha nguo, akajikaza, kisha naye akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomponza fundi.

Mwajabu alipojua Jabiri ni fundi, akampeleka kwao kuona gari la baba. Lilikuwa la kizamani, la mviringo, wakaliita Kobe. Mzee Mfaume alimchukua mkewe kwa gari hilo siku ya harusi yao. Tangu mwaka wa Uhuru limelala uani, kuku wanataga siti ya nyuma. Pistoni zimeng'ang'ania silinda kwa kutu. Hendeli ya kuwashia hata uisimamie kwa miguu haizunguki.

"Wote waliokuja walishika nyundo, nikawafukuza," alisema Mzee Mfaume. "Nataka Mwajabu atoke nyumba hii kwa Kobe, kama mama yake alivyoingia. Fundi asiye na subira simpi gari, sembuse binti."

"Mie sipigi, mzee. Mie nabembeleza."

Basi kila jioni akitoka kazini alifungua plagi, akamimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na ya nazi kwenye matundu yake, akatia gia, kisha akalisukuma gari kidogo mbele, kidogo nyuma. Kobe haligutuki. Kesho tena.

"Fundi, unalitengeneza au unalilaza?" Mwajabu alimchokoza.

"Chuma kilichonuna hakigombezwi, kipenzi. Likiwaka tu, wazee wangu wanakuja kwa baba'ko."

"Usiniapie na mikono ya grisi."

"Wallahi tena."

Ijumaa moja simu ya gereji ikalia, Mwajabu huyo. "Laazizi, mafuta yako nimeyaweka dirishani. Leo nina zamu ya jioni, usininunie."

Dirishani Jabiri alikuta chupa mbili. Akanusa moja: mafuta ya taa na nazi. Akanusa ya pili: asumini, kilua, harufu ya kumlegeza mtu magoti. Moyo ukamvimba. "Masikini Mwajabu! Mpaka mafuta ya injini ananitilia manukato!" Akaimimina yote ndani ya injini, hakubakiza tone.

Mama Mwajabu akatoka jikoni, akainusa hewa, akaiona chupa tupu. Mikono kichwani.

"Jabiri! Mafuta ya mwali wangu!"

"Mwali gani, mama?"

"Mwajabu! Kwani nyumba hii ina mwali mwingine?"

Damu ikamhama fundi. Papo hapo akamkumbuka bwana mmoja wa kaunda suti, aliyemwona akipokewa hapo juzi kwa vicheko, na kilo ya sukari mkononi. Sukari, mwaka ule! Kumbe ndiye mchumba. Spana ikamwanguka. Akatoka bila kuaga, kandambili moja mguuni, ya pili chini ya gari.

Wiki ikapita kabla simu ya gereji haijamtafuta tena.

"Haloo, gereji hapa."

"Namtaka yule aliyekimbia akaacha kandambili."

"Mpe bwana'ko avae. Yule wa kaunda suti."

Kisha sauti ikapanda. "Mjomba Fakihi? Kaka yake mama? Aliitwa aulizwe kama anakukubali wewe!"

Jabiri akakaa juu ya tairi. "Na... na yale mafuta?"

"Si ulisema likiwaka wazee wanakuja? Mama akaanza kuyapika. Ulidhani anampikia nani, Kobe?"

Jioni ile alifika na betri ya kuazima begani na petroli kidogo, uso hauna pa kuuweka. Akashika hendeli, akakaza misuli yote, akasukuma. Hendeli ikazunguka laini kama kijiko kwenye uji, fundi akaenda chini kifudifudi. Kuku wakatawanyika.

"Imeachia! Mafuta ya mwali yamelegeza kutu!" akapiga kelele na mchanga mdomoni.

Akafunga plagi, akaunga betri. Kobe likakohoa, likanguruma, likatoa moshi mweupe, na uani kukanukia asumini kama chumba cha mwali. Mzee Mfaume akatoka ndani mbio. Mama akapiga kigelegele, akakumbuka posa bado, akakimeza nusu.

Jabiri akatunisha kifua. "Lakini Mwajabu, kosa ni letu sote. Ungeniambia yule ni mjomba."

"Hukuniuliza."

"Mtu na kilo nzima ya sukari! Nani asingeshtuka? Na wewe wiki nzima hukunipigia."

"Hapo ana hoja," Mzee akasema.

Mwajabu akamtupia kandambili miguuni.

"Kobe limenuna tangu Uhuru, ukalibembeleza jioni kwa jioni hukuchoka. Mie hata swali moja hukungoja uniulize. Vaa, kawaite wazee wako."