Koti la Betri

Ukuta wa vumbi uliwakuta katikati ya nyika, mahali pasipo mti wala jabali la kujikinga. Fundi vigae aliuona kwa mbali akadhani ni wingu. Alipotambua kuwa mawingu hayaburuzi tumbo chini, mchanga ulikuwa tayari unagonga vioo na boneti ya gari haionekani. Aliendesha kwa kubahatisha. Magurudumu yakaacha njia bila kuaga, gari likayumba, likazama kidogo kwenye mchanga laini na kusimama.

"Zima, mwanangu," alisema mama mkwe wake kutoka kiti cha pembeni, pua ameiziba kwa mtandio. "Vumbi hili litaingia mpaka kwenye roho ya injini."

Akazima. Wakakaa gizani mchana kweupe, wakisikiliza mchanga ukikwangua bati, hadi upepo ulipochoka.

Alipozungusha ufunguo, injini ilijibu tak. Akazungusha tena. Tak. Taa za dashibodi zikafifia kama jicho la mgonjwa. Gari lenyewe lilikuwa la otomatiki. Hata wangepatikana wanaume kumi wa kulisukuma, lisingewaka. Na wanaume kumi wangetoka wapi? Simu haikuwa na mtandao, njia ilikuwa imefukiwa, na kila upande ulifanana na mwenzake.

Alikuwa amepanda milimani kumchukua mama huyu, mfumaji wa sweta anayesifika kote kule kwenye baridi, ashuke akamwone mjukuu wake wa kwanza. Mkewe alikuwa amejifungua juzijuzi katika mji wa joto wanakoishi. Kabla hajaondoka, mke alimshika mkono akamwambia, "Niletee mama." Sasa mama mwenyewe alikuwa ndani ya gari lililokufa, amepakata kifurushi cha sweta za mtoto. Nyuma ya kiti kulikuwa na dumu dogo la maji ya mvua aliyoyakinga nyumbani kwake, kwa sababu maji ya kule chini, kwa maneno yake, yana chumvi ya kutosha kuunga mchuzi. Hawakuwa na maji mengine.

Fundi vigae akafungua boneti. Pale pembeni betri ilikuwa imekaa na koti lake la sufu nzito, la kahawia, lenye vifungo mbele na mikunjo mizuri shingoni.

"Kumbe bado inalivaa!" Mama mkwe alisahau hatari kwa muda. Uso mzima ukamng'aa. "Nilijua utalitunza. Wewe si kama wale wakwe wengine."

Fundi vigae akameza mate, na mate yenyewe yalikuwa machache.

Koti hilo lilikuwa zawadi ya harusi. Wakati huo yeye na mkewe waliishi milimani, ambako asubuhi magari hukohoa kuliko wazee, na watu huyafunika mablanketi. Mama akaifumia betri vazi lake maalumu. Betri ikadumu miaka, majirani wakaona wivu. Kisha kazi ikawashusha kwenye mji wa joto, ambako lami hunata kwenye kandambili. Mtu mwenye akili angelivua koti siku ileile. Lakini kila mama alipopiga simu, baada ya kumjulia hali binti yake, aliuliza, "Na koti la betri, linaendeleaje?" Mtu anayejua kusema uongo angelitupa kabatini na kujibu kwamba lipo. Fundi vigae hakujaliwa kipaji hicho. Basi akaiacha betri ivae sufu juani, ili jibu lake liwe la kweli.

Jioni alijaribu kukaza nyaya, spana ikateleza na ukingo wa bati ukamchana kiganja. Mama mkwe alimsafisha kwa maji ya kifuniko kimoja tu cha dumu, akamfunga kitambaa na kukikaza kwa uzi wa sufu.

"Hapa tukae na gari," alisema. "Anayetembea nyikani bila kujua aendako anaokotwa mwisho."

"Tuiache betri ipumzike mpaka alfajiri, mama. Jua limeichosha. Ikipoa itapata nguvu."

"Kwetu gari haliamki na baridi." Akajifunika mtandio. "Lakini dereva ni wewe."

Usiku nyika ikageuka barafu. Waliketi wamebanana mabega, aibu ya ukwe wakaiweka kando, wakinywa kwa zamu kifuniko kimoja kimoja. Alfajiri akazungusha ufunguo. Safari hii hata ile tak haikusikika.

Fundi vigae akaegemeza paji la uso kwenye usukani, na maneno ya muuza betri mmoja wa mjini yakamrudia. Alikuwa ameyacheka siku ile, akanunua honi mpya badala ya betri. "Baridi huiumbua betri," yule bwana alimwambia, "lakini joto ndilo linaloiua. Maji yake hukauka kidogo kidogo ndani, na wewe huna habari. Iliyoishi miaka sita milimani, huku ikifika mitatu shukuru Mungu." Aliogopa nyika, lakini alichotaka kusema sasa alikiogopa zaidi.

"Mama, hili koti ndilo limeiua betri."

Akamweleza yote, macho kwenye vidole vyake.

"Umeivalisha tangu mhamie?"

"Tangu tuhamie."

"Na ulijua?"

"Niliambiwa."

"Kwa nini hukulivua?"

"Nilikuonea haya, mama. Ungeona nimeitupa zawadi yako."

Mama akageukia dirisha. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na fundi vigae akadhani analia. Alikuwa anacheka, kisha kweli akalia, akajifuta kwa ncha ya mtandio.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Na nguo nimefuma mimi. Haya, ivue tuione."

Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe. Mama akatoa sindano yake ya chuma ya kufumia, fundi vigae akaukwangua unga wote na kukaza nyaya. Kisha akafungua vifuniko vya juu, kimoja kimoja, akachungulia. Ndani mabamba yalikuwa wazi, makavu nusu yake.

"Usiguse, mama. Maji yake hula ngozi." Akasita. "Ina kiu. Inataka maji safi yasiyo na chumvi. Ya mvua yangefaa."

Wote wawili wakaligeukia dumu.

"Tukiipa, sisi tutakunywa nini?" aliuliza fundi vigae.

"Tukiinyima, tutakunywa mpaka lini?"

Mama akamimina mwenyewe hadi mabamba yakazama. Dumu likabaki na mafunda ya kuhesabika. Fundi vigae alitaka kukimbilia ufunguo, kisha akajizuia. Kama baridi ya alfajiri ndiyo iliyoinyang'anya nguvu, joto lingeikopesha kidogo.

"Tungoje jua la utosi," alisema. "Bila koti, boneti wazi."

"Yaani muuaji ndiye atakayeifufua?"

"Kwa pumzi moja tu, mama."

Walingoja. Hewa ya asubuhi ilikuwa safi, na nyuma yao milima ikajitokeza. Mama akautambua mlima wa kwao wenye vichwa viwili. "Ule ukiwa mgongoni kwetu, binti yangu yuko mbele," alisema. Fundi vigae akafukua mchanga kwenye magurudumu kwa mkono mmoja na kutandika mazulia ya gari. Ulimi ulimganda kinywani. Kila alipopewa kifuniko cha maji aligusisha midomo tu akarudisha, na mama akamkemea anywe, asijifanye shujaa.

Jua lilipofika utosini na bati haligusiki, akaingia ndani. Mama akasimama nje, mikono kifuani, macho amefumba. Ufunguo ukazunguka. Injini ikajikokota mzunguko mmoja, ikasita. Ikajikokota tena.

Ikawaka.

Hakuizima tena. Aliendesha mlima wa vichwa viwili ukiwa katikati ya kioo cha nyuma, mama akimwelekeza kulia au kushoto, hadi magurudumu yakapanda lami. Alifika mlangoni kwake injini ikinguruma, akabaki ameshika usukani, hathubutu kugusa ufunguo, hata mkewe alipotoka nje na kumwangukia mama yake kifuani.

Kesho yake muuza betri alikuja mwenyewe. Akalegeza waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, akaitoa ile nzee iliyovimba mbavu na kuiweka mpya. Akaliinua koti la sufu kwa vidole viwili.

"Na hili? Tuivalishe?"

Fundi vigae akamtazama mama mkwe, aliyesimama kivulini na mjukuu mikononi. Mtoto alikuwa amevaa sweta mpya ya bibi, imefungwa mpaka kidevuni, na jasho lilimtiririka kwenye paji la uso. Mama akaliona koti, akamwona mtoto. Akamgeukia binti yake, naye akainamisha macho.

Mama akaketi, akaanza kufungua vifungo vya sweta kimoja kimoja, hadi kifua kidogo kikapata hewa.

"Siku nyingine nikiwapa kitu kikawachoma," alisema, "niambieni kabla hatujafika nyikani."