Moto wa Jirani

Otiende aliacha dirisha wazi, upana wa kiganja. Aliporudi na uji, alilikuta limefungwa, komeo limekazwa hadi mwisho.

Mkewe, Aoko, alikuwa amelala chali vilevile. Kiharusi kilikuwa kimemkausha viungo tangu Pasaka; hata nzi akimtua puani, hakuweza kumfukuza. Kando ya kitanda jiko la makaa liliwaka, maana Julai ile baridi ya mtaa wa Umoja ilipenya hadi mifupani. Lakini Otiende alijua kwamba makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua bila kubisha hodi.

Akalifungua dirisha, akamuuliza mkewe: "Nani amelifunga, Mama Benta?"

Aoko alihangaika na ulimi mzito. "Mwanamke. Anasema... nitapata baridi."

Kesho yake jioni lilifungwa tena, na chini ya mlango palikuwa pamesokomezwa leso. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Aoko alikuwa akikoroma, macho yamepinduka. Otiende akambeba hadi uani, akampepea mpaka akakohoa. Na nyuma yake, mle chumbani alimoacha bila mtu, akasikia mtu akilipuliza jiko taratibu, fuu, fuu, kama mama anayempoozea mtoto uji, na kwa kila pumzi ukuta ukapakwa wekundu, na ukutani hapakuwa na kivuli cha mtu.

Bibi Sahro, aliyewasomea wagonjwa dua kule Eastleigh, aliitwa. Alisoma hadi sauti ikamkauka. Ndipo kinywa cha Aoko kilipofunguka, maneno yakatoka manyoofu, kana kwamba hakijapata kuugua: "Mimi namtunza. Kwangu hakuna baridi."

Sahro alimvuta Otiende pembeni. "Ni jini, linakaa motoni humo," alinong'ona. "Toa jiko nje, ulizime kwa maji hadi cheche ya mwisho. Mgonjwa mpe blanketi, na chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa. Moto usiingie tena humu."

Otiende alikuwa uani ameshika ndoo, ndipo Wayua, jirani wa ukuta mmoja, akatokeza na kipande cha bati, mtoto akilia mgongoni.

"Jirani! Moto mzuri hivyo unaumwagia maji? Umekuwa tajiri lini? Nigawie, huyu mtoto anaganda."

Moto haunyimwi jirani. Na mtu mzima ataanzaje kutaja majini, achekwe na wapangaji wa ploti nzima? Otiende akamtilia makaa mawili kwenye bati, akayazima yaliyosalia.

Usiku ule Aoko alilala dirisha likiwa wazi, pumzi zake nyepesi. Otiende aliketi amemshika mkono, akimshukuru Mungu. Mtoto wa Wayua, aliyekuwa akilia tangu jioni, akanyamaza ghafla.

Kisha, upande wa pili wa ukuta, komeo likasogezwa taratibu hadi mwisho.

Aoko akaulazimisha ulimi. "Kimbia, Baba Benta."

Alikimbia. Akaupiga mlango wa Wayua kwa ngumi zote mbili. "Wayua! Fungua! Toa jiko nje!"

Ndani, sauti ya mwanamke, isiyokuwa ya Wayua, ikamjibu kwa upole:

"Polepole, jirani. Wamelala."