Kitenge Ambacho Hakikuchemshwa

Kengele ya asubuhi ilipolia, wasichana arobaini wa bweni letu tuliamka tukijikuna. Tulijikuna tukitandika vitanda, tukajikuna kwenye foleni ya bombani, na tuliposubiri uji, vijiko vilitusaidia kufika mgongoni. Upele ulikuwa umeingia bwenini tangu muhula ulipoanza. Mwanzoni tulitaniana. "Gitaa lako leo lina nyuzi ngapi?" tuliulizana. Baadaye hakuna aliyecheka.

Jumamosi moja matroni alitukusanya uani. Pembeni yake alisimama nesi wa shule na katoni ya dawa ya kupaka.

"Kila mtu atapaka dawa kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo," matroni alisema. "Kila shuka na kila nguo itachemshwa kwenye mapipa haya. Magodoro yote juani. Akibaki mmoja, tumebaki wote. Mmenielewa?"

"Ndiyo, matroni."

Nilielewa vizuri. Hata hivyo nilirudi ndani, nikatoa kitenge cha mama chini ya mto, nikakisokomeza kwenye begi la shule, chini ya madaftari.

Mama alifariki wakati wa likizo. Kitenge hicho ndicho alichojifunika alipokuwa mgonjwa, na kilikuwa bado na harufu yake, mafuta yake ya kujipaka na moshi wa jikoni kwetu. Sikuwa na picha yake hata moja. Niliwatazama wenzangu wakizamisha shuka kwenye maji yanayotokota, povu la kijivu likipanda, nikajiambia kitambaa kimoja hakiwezi kumdhuru mtu. Jioni ile ile nilijifunika nacho.

Kwenye kitanda cha chini yangu alilala mtoto wa darasa la nne tuliyemwita Kijiti kwa wembamba wake. Mimi aliniita dada. Mvua zilipoanza, alikuwa akipanda kwangu alfajiri, meno yakigongana.

"Dada, nipe nafasi kidogo."

Nilimpa nafasi, nikamfunika kitenge cha mama.

Wiki tatu baadaye upele ulirudi. Ulianzia kwangu, katikati ya vidole, lakini niliivuta mikono ya sweta mpaka vidoleni, nikanyamaza. Kwa Kijiti haukufichika. Alijikuna mpaka mikono ikatoka vidonda, na vidonda vikatunga usaha.

"Mnaona?" kiranja wetu alisema mbele ya bweni zima. "Huyu hakupaka dawa. Ndiye anayeturudishia upele."

"Nilipaka, dada kiranja. Nesi mwenyewe aliniona."

"Labda uliupaka ukuta," mmoja akadakia.

Wakacheka. Tangu siku hiyo waliacha kumwita Kijiti, wakamwita Kiwanda, eti kiwanda cha upele. Wakamwambia ahamishie godoro lake stoo, penye majembe na mafagio, alale huko peke yake. Alipopita nalo kichwani aliniangalia. Mimi nilijifanya natafuta kiatu.

Siku ya tano hakuja kunywa uji. Matroni alimkuta stoo amevimba uso, macho hayafunguki, na mkojo wake una rangi ya chai ya rangi. Nesi alisema vidonda vile vimemletea ugonjwa wa figo. Gari la shule likampeleka hospitali.

"Akipona atarudi kwao," matroni alituambia, uso umemkauka. "Siwezi kumweka hapa mtoto asiyefuata maagizo. Leo namwandikia mzazi wake barua."

Mchana ule mapipa yalikuwa yanatokota tena uani. Nilitoa kitenge kwenye begi. Nilikiweka usoni kwa mara ya mwisho, nikakitumbukiza majini, nikakisukuma kwa mti mpaka kikazama. Kisha nikaenda ofisini kwa matroni. Barua ilikuwa mezani, amefika katikati.

"Matroni, si Kijiti. Ni mimi."

Nikamweleza yote. Aliweka kalamu chini.

"Hicho kitenge kiko wapi sasa?"

"Kwenye pipa. Nimekichemsha."

Alifumba macho kidogo. "Kaa chini, mwanangu," alisema. "Nguo ambayo mtu hataki ichemshwe hufungwa kwenye mfuko wa plastiki, ikakaa humo wiki nzima. Wadudu hufa wenyewe. Ningekupa mfuko. Harufu ya mama yako ingekuwepo mpaka leo."



Ile barua aliichana. Jioni alinisimamisha mbele ya bweni, nikasema kwa mdomo wangu nilichofanya. Tulipaka dawa upya. Safari hii matroni alileta mifuko, akauliza nani ana kitu asichotaka kichemshwe. Kiranja mwenyewe akatoa kofia ya sufu ya marehemu baba yake, akaitia kwenye mfuko mmoja bila kumtazama mtu. Upele haukurudi tena.

Kijiti alirudi baada ya wiki sita. Mitihani ilikuwa imempita, kwa hiyo angerudia darasa, na chakula chake kilipikwa bila chumvi. Nilimfuata bombani nikamweleza.

"Kwa hiyo nilipokuwa stoo ulikuwa unajua?" aliuliza.

"Nilijua."

Alibeba ndoo yake, akaenda. Jioni ile angeomba kitanda upande wa pili wa bweni.

Matroni alinikuta nimesimama pale pale, maji yanamwagika.

"Hataki hata kuniita dada," nilimwambia.

Alifunga bomba. "Kumpenda mama yako si kosa," alisema. "Kuogopa nako si kosa. Kosa lako ni kukaa kimya wakati mtoto mwingine anaadhibiwa kwa jambo ulilolijua wewe. Ugonjwa ukifichwa unaongezeka, na ukweli ukichelewa, kuna mtu anaumia kila siku inayopita. Atakusamehe au hatakusamehe, hilo ni lake. Lako ni kusema mapema siku nyingine, hata kama sauti inatetemeka. Umenisikia?"

"Nimekusikia, matroni."

"Haya, jaza ndoo yako. Darasa linakusubiri."