Neno Lisilo na Picha

Soko la Manika halina huruma na mtu anayesimama. Saa nne ya asubuhi, katikati ya mikokoteni, wauza majani ya sombe na pikipiki za abiria, Bilkisi alisimama barabarani akiwa amefumba macho. Alivaa kitenge cha bluu chenye maua ya njano, mtandio mweupe kichwani, na kidole chake kilikuwa kikichora kitu hewani.

"Mama! Moto itakugonga!" sauti ilimshukia kutoka juu, na pikipiki ikampita karibu na bega.

Alifumbua macho. Juu ya ngazi alikuwako kijana mwembamba, brashi mkononi, rangi imemtapakaa hadi kwenye nyusi. Alikuwa akimalizia kibao cha muuza samaki. S yake ilikuwa samaki aliyejikunja, na M ilikuwa mawimbi.

"Unalala wima?" aliuliza kijana.

"Mi silale. Minasoma kibao yako."

"Na macho ya kufunga?"

"Na macho ya kufunga. Inakusumbua?"

Kijana alicheka, akashuka ngazi. "Mi ni Mulumba. Bibao yangu, batu bote banaisomaka na macho ya kufungua. Weye ndio wa kwanza. Unielezee basi."

Bilkisi angeweza kumwambia aendelee na kazi yake. Badala yake akamweleza, pale pale kwenye kelele, jambo alilokuwa akiwaficha hata mashoga zake. Mwaka mmoja nyuma pikipiki iliyombeba ilipinduka kwenye njia ya Mutoshi. Kichwa kilipona, ulimi ulipona, macho yalisoma kama zamani. Mkono ndio uliosahau. Yeye aliyekuwa akiandika karatasi za mizigo yote kwenye depo ya baba yake ya usafirishaji, sasa herufi zilimponyoka hata kwenye jina lake mwenyewe. Mama mmoja mtaalamu wa Lubumbashi alimfundisha kwa juma moja tu: neno livalishe picha, fumba macho, ulione, kisha andika unachokiona. Shida ilikuwa moja. Bilkisi hakujua kuchora hata kuku.

"Mama yangu, umepata fundi," Mulumba alisema. "Mi kuchora ndio kitu moja tu ninayua mu dunia hii."

Ikawa Jumanne na Ijumaa. Bilkisi aliaga nyumbani kwamba anakwenda kununua mboga, akaishia kwenye kibanda cha rangi nyuma ya soko. Mulumba alimchorea NYUMBA yenye A iliyo paa, akamchorea MAYI yenye M ya mawimbi na ENDA yenye barabara iliyopita katikati ya herufi zote. Bilkisi alifumba macho, akaona, akaandika. Siku alipoandika jina lake bila kosa alilia, na Mulumba akakosa pa kuiweka mikono yake.

Maneno madogo ndiyo yaliyowashinda. *Na. Ya. Si.*

"*Si* inafanana nini?" aliuliza Bilkisi.

Mulumba alikuna kichwa. "Chérie, *si* haina sura. Ni kitu ya kukataa tu. Nitachora nini, mutu mwenye kununa?"

Walicheka, wakaliruka. Hilo chérie, mpenzi kwa Kifaransa, nalo hakuna aliyeliuliza lilitoka wapi.

Usiniulize ni lini walipendana. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na Mansour, kaka yake Bilkisi, hakuwa kiziwi. Siku moja alimngojea dada yake langoni. Kikapu kilikuwa na fungu moja la mboga lililonyauka.

"Sisi batu ba musikiti, yeye mutu wa kanisa," alisema Mansour. "Tena wa kupaka bibao. Na weye uko mugonjwa ya kichwa, Bilkisi. Anakuchezea."

"Yaya, mi si mugonjwa," alimjibu kaka yake.

"Uandike hapa basi: mi si mugonjwa."

Alimpa kalamu. Bilkisi aliishika, na kwa hasira na aibu hata herufi ya kwanza haikuja. Mansour aliichukua kalamu taratibu, na upole ule ulimuuma kuliko kofi.

"Kuanzia leo haupite mulango hii. Ni juu ya mazuri yako."

Nyumba na depo vilikuwa ndani ya ukuta mmoja. Bilkisi alijua kila tofali la ukuta ule. Asubuhi aliwaona wapakizi wakipanga magunia, mchana alisonga ugali wa bukari, jioni alihesabu malori yaliyotoka bila yeye. Simu walimwachia, lakini chumba chake na cha Mansour vilitenganishwa na ubao tu, na akisema "allô" Mansour alikohoa upande wa pili. Alihisi amefungiwa mara mbili: ndani ya ukuta, na ndani ya kichwa chake mwenyewe. Mlango pekee uliobaki ulikuwa kuandika. Nao ndio huo ulioharibika kitasa.

Jumatano ujumbe wa Mulumba uliingia.

*Bilkisi, bananiita Musumba, kufundisha batoto kuchora ku masomo. Miaka mbili. Camion ya mizigo inatoka kesho saa sita. Niende ao nisiende? Uniandikie weye mwenyewe. Ukisema nisiende, ninabakia, na ninakuya kupiga hodi kwa baba yako.*

Kesho yake, saa tano, Bilkisi alijifungia chooni na simu. Alifumba macho na kuitafuta barabara ile ya Mulumba. Ikaja. Aliona herufi zimekaa juu yake, akazibonyeza moja moja, jasho likimtiririka shingoni. *Usiende*, alijiambia. *Usiende, Mulumba.* Akatuma.

Kwenye kioo cha simu palisomeka: *Uende.*

Wewe msomaji umeona. Yeye hakuona. Alilisoma mara tatu, na mara zote tatu alisoma kilichokuwa moyoni. Herufi mbili zisizo na picha zilikuwa zimeanguka njiani, na neno lililobaki lilikuwa neno zima, safi, lisilo na kosa hata moja.

Alitoka chooni, akavaa kitenge chake kizuri, akangoja hodi. Saa sita ikapita. Saa tisa. Jua likazama nyuma ya vilima vya udongo wa mgodi, na hakuna aliyepiga hodi. Alipompigia Mulumba, Mansour akohoe asikohoe, simu haikupatikana.

"Banaume bote sawa," alijiambia, akasukumia daftari la picha chini ya kitanda. Siku kumi na nne hakuandika kitu.

Siku ya kumi na tano Malaika, mke wa Mansour, alikuwa akimsuka. Nywele zikivutwa, machozi huwa karibu.

"Nilimuandikia abakie," Bilkisi alinong'ona. "Akaenda tu."

"Ulimuandikia nini? Unionyeshe." Malaika aliisoma simu, akaisoma tena. "Bilkisi. Usome nguvu. Herufi kwa herufi."

"U. E. N. D..."

Alirudi kwenye U na kuitafuta *si* kwa kidole; haikuwamo.

"Weye mwenyewe ulimufukuza," Malaika alisema polepole. "Na alikutii."

Bilkisi alilia kilio cha mtu aliyejifungia mlango kwa mkono wake. Simu ya Mulumba bado haikupatikana. Lakini lori la depo lingekwenda Kapanga, jirani na Musumba, kesho yake na tata Kalonji, dereva wa miaka mingi, na Malaika alisema atampa barua kwa mkono wake, Mansour apende asipende.

Bilkisi alichukua karatasi. *Sikutaka*, alitaka kuandika. *Si*, *si*, *si*. Herufi zilimkimbia. Alichana ya kwanza, ya pili, ya tatu. Juu ya ya nne aliitua kalamu. Mbona anang'ang'ania kukataa? Hakuna aliyemlazimisha kusema anachokikataa. Aseme anachokitaka.

Alifumba macho. Safari hii hapakuwa na wa kumchorea. Akajitafutia mwenyewe: K, mtu aliyenyoosha mkono. U, bakuli. Y, njia panda. A, nyumba. Akaandika njoo, kwa herufi kubwa na kwa lugha ya nyumbani: KUYA.

Siku kumi na mbili baadaye, adhuhuri, lori liliingia uani. Juu ya magunia ya mihogo alikaa mtu mwekundu kwa vumbi. Bilkisi aliacha mwiko ndani ya bukari na kutoka mbio.

"Mara *uende*, mara *kuya*," Mulumba alisema akiruka chini. "Mi ni mupira?"

"Nilitaka kusema *usiende*. Ilianguka *si*."

Mulumba alimtazama, mdomo wazi. "Niliona herufi tano, yote sawa. Nikasema, mwanafunzi wangu hakosee tena. Kumbe!" Aliketi juu ya tairi kuukuu. "Nililia njia yote mupaka Musumba, hata tata Kalonji batu ba kule balimuambia."

"Nani alikuruhusu kuingia hapa?" Mansour alikuwa amesimama nyuma yao, na wapakizi wote wameacha magunia.

"Baliniita, yaya."

"Nani?" Mansour alimgeukia dada yake. Aliuliza taratibu, na upole wake ulimwachia njia ya kukana. "Bilkisi. Ni weye ulimuita?"

Neno moja lingemrudisha jikoni salama. Bilkisi aliliona, akaliacha lipite.

"Ni mi. Niliandika na mukono yangu. Na sitaki aende tena."

"Sauti chini. Batu banasikia."

"Basikie!" Bilkisi alisema, kwa sauti iliyovuka ukuta hadi barabarani. "Sitaki aende! Sitaki!"

Mwanamke mmoja nje ya lango alipiga kigelegele bila kujua ni cha nini. Wapakizi walicheka, kisha wakaangalia chini. Mansour alijipangusa uso.

"Dini moja, dini mbili, hiyo utajibu mbele ya baba, si mbele yangu," alimwambia Mulumba hatimaye. "Ulete bakubwa yako dimanche, mukitoka kanisa. Na unawe kwanza."