Ndagala Juu ya Tangi la Soda

Kila siku akitoka shule, Jolie alivuka daraja la Mulongwe akiwa na sahani ya ugali na sombe ya majani ya muhogo, iliyofungwa kwa kitambaa. Alimpelekea mama yake, Domitille, katika kiwanda cha sabuni ya mawese. Nyuma ya kiwanda lilisimama tangi refu kuliko nyumba yao. Ndani yake mlikuwa na soda kali, inayokula ngozi kama moto.

Juu ya tangi kulikuwa na bati pana, lenye joto, lisilofikiwa na mbwa wala bata. Basi wanawake wa kiwandani wakazoea kuanika huko ndagala wao, wale samaki wadogo wa ziwani. Hakukuwa na kizuizi cha kushika, na ngazi ilikuwa ya miti iliyofungwa kwa kamba.

"Kitendawili," mama alimwambia Jolie mchana huo.

"Tega."

"Nyumba yangu mlango uko kwenye paa, na anayeingia hatoki."

"Tangi la soda. Sasa kwa nini munapandaka?"

"Mukubwa akisema panda, weye utasema nini?"

Hata ugali haujaguswa, Pierre, msimamizi, akatokea na mwanzi mrefu. "Domitille, panda upime soda. Sabuni iko inangoja."

"Shefu, bati limejaa mafuta ya ndagala. Linateleza."

"Kama unaogopa, rudi nyumbani. Wanaotaka kazi wako wengi."

Mama akapanda. Jolie alimwona akifungua kifuniko, akiinama, akichovya mwanzi. Alipogeuka ili ashuke, mguu wake ukakanyaga ndagala ukateleza. Mungu alisaidia, hakuanguka ndani. Alianguka nje, juu ya mawe, mwanzi ukimfuata, na mkono wake ukavunjika.

Mwenye kiwanda, Mama Charlotte, alikuja mbio. Pierre akamwahi.

"Alipanda kugeuza ndagala wake. Kosa ni lake mwenyewe."

Jolie alisogea mbele ya Mama Charlotte. Yaani mtu alale chini akilia kwa maumivu, na aliyemtuma amkane mbele yake! Uongo huo ukiaminiwa, mama atafukuzwa na mkono wake umevunjika.

"Ndagala ni wetu, sikatai," alisema. "Lakini shefu ndiye alimutuma apime soda. Mwanzi ule pale, bado unachuruzika soda. Ndagala hawapimwi na mwanzi."

Wafanyakazi walikuwa wamekwisha kukusanyika. Kisha mzee Nkeshimana, mchemsha sabuni, akatoka mbele. "Mtoto anasema kweli. Minye nilisikia kwa masikio yangu."

Mama Charlotte aliutazama mwanzi, akamtazama Pierre. Aliita gari, akampeleka Domitille hospitali na kulipia matibabu yote. Pierre aliondolewa usimamizi. Kabla mwezi haujaisha, fundi alichomelea ngazi ya chuma na vyuma vya kushika pande zote za bati. Ubavuni mwa tangi aliweka bomba angavu linaloonyesha soda imefika wapi, mtu akiwa amesimama chini. Ndagala wakahamia kwenye vichanja karibu na ua.

Jioni moja, mkono ukiwa bado kwenye plasta, mama alimketisha Jolie karibu naye.

"Nilimkasirikia Pierre, mwanangu, na mimi mwenyewe pia. Tulizoea kifo mpaka tukaanika samaki juu yake. Mahali pa juu pasipo na kitu cha kushika, usipande, hata akikutuma nani. Na mtu akikutuma kwenye hatari kisha akukane, usinyamaze. Sema kweli yote, hata upande unaokuumiza weye. Ungewaficha ndagala wetu, nani angekuamini juu ya mwanzi?"